Makadirio ya Ukarabati wa Nyumba: Namna ya Kutenganisha Vifaa, Ufundi na "Cha Juu"

Mauzo ya pamba yanapokamilika na kabla mvua za msimu hazijaanza, kaya nyingi za mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita huelekeza fedha zao kwenye nyumba. Bati lililotoboka hubadilishwa, ufa huzibwa, plasta iliyobanduka hurudishiwa na mlango uliooza hung'olewa. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, wananchi wengi huchelewa kuuziba ufa huo kwa sababu moja: makadirio ya fundi wa kwanza huwa makubwa kiasi cha kuwakatisha tamaa, nao hawana njia ya kujua kama kiasi hicho ni halali au kimeongezwa.

Makala hii inaeleza jinsi makadirio ya ukarabati yanavyoundwa, mahali ambapo nyongeza isiyo ya haki hujificha, na hatua ambazo mwenye nyumba anaweza kuchukua kabla ya kutoa fedha, wakati kazi ikiendelea na pale mgogoro unapotokea.

Kwa nini bei hupanda

Ni vyema kutambua kwanza kwamba si kila bei kubwa ni ulaghai. Ufundi katika ukanda huu hushindana na dhahabu. Rashi inapotokea katika eneo la wachimbaji wadogo, vijana waliokuwa vibarua na saidia fundi huelekea machimboni, na fundi anayebaki kijijini hulazimika kuwalipa wasaidizi wake zaidi. Katika maeneo yenye biashara ya dhahabu, kama Katoro, Nyarugusu na Kakola, chakula na pango huwa ghali pia, na gharama hiyo huingia katika ujira wa fundi. Saruji na mabati yakisafirishwa kutoka mjini hadi kijiji cha mbali, nauli huongezeka. Aidha, kila mtu anapoita fundi mwezi Septemba na Oktoba, fundi mmoja hugombewa na nyumba tano. Mwananchi anayeomba makadirio mwezi Juni au Julai huwa na nafasi nzuri zaidi ya kujadiliana.

Hali ni tofauti baada ya maafa. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe iliyoambatana na upepo iliipiga Mwakata, katika Halmashauri ya Msalala, ikasababisha vifo vya watu zaidi ya 40 na kubomoa nyumba nyingi. Familia iliyolala nje haina nguvu ya kubishana bei. Kwa sababu hiyo, paa linapoezuliwa, ni busara kazi igawanywe mara mbili. Kwanza turubai lifungwe na vitu vihifadhiwe mahali pakavu. Makadirio ya ukarabati wa kudumu yafuate baada ya siku mbili au tatu, wakati mwenye nyumba ana utulivu wa kupima na kuuliza.

Mahali nyongeza inapojificha

Mafundi wengi hutaja ujira wao kama sehemu ya gharama za vifaa. Fundi husema, kwa mfano, "ufundi ni asilimia 30 ya vifaa." Utaratibu huu ni mwepisi, lakini una kasoro kubwa: kadiri orodha ya vifaa inavyokuwa ndefu, ndivyo ujira unavyopanda, ingawa kazi haijaongezeka. Fundi huyohuyo akipewa pia fedha za kununua vifaa, hupata nafasi ya pili ya kuongeza kile ambacho mtaani huitwa "cha juu", yaani tofauti kati ya bei ya duka na bei anayomtajia mwenye nyumba.

Chukua mfano wa nyumba yenye kazi mbili: kupiga plasta upya kuta za chumba kimoja, na kubadilisha mabati ya upande mmoja wa paa. Bei zilizotumika hapa ni za kufundishia tu, si bei elekezi.

Fundi ameandika saruji mifuko 10 kwa shilingi 22,000 kila mmoja, mchanga tripu moja kwa shilingi 120,000, mabati 20 kwa shilingi 29,000 kila moja, na misumari ya bati kilo 5 kwa shilingi 8,000 kila kilo. Jumla ya vifaa ni shilingi 960,000. Ufundi wa asilimia 30 ni shilingi 288,000. Mwenye nyumba anaambiwa aandae shilingi 1,248,000.

Sasa nyumba ipimwe. Chumba kina upana wa mita 4 na urefu wa mita 4, hivyo mzunguko wa kuta zake ni mita 16. Kimo ni mita 2.5. Eneo la kupigwa plasta ni mita za mraba 40, hata kabla ya kuondoa nafasi ya mlango na dirisha. Plasta yenye unene wa milimita 15, iliyochanganywa kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga tano, inahitaji takriban mifuko minne ya kilo 50 kwa eneo hilo. Ukiongeza upotevu, mifuko mitano inatosha. Mchanga unaohitajika ni kama robo tatu ya mita ya ujazo, kiasi kinachoweza kufika kwa toroli 15 badala ya lori zima. Upande wa paa una urefu wa mita 9, na kila bati, baada ya mapishano, linafunika sentimita 75. Mita 9 zikigawanywa kwa sentimita 75 zinatoa mabati 12. Misumari kilo 3 inatosha.

Kwa bei zilezile, na toroli ya mchanga ikiwa shilingi 2,000, hesabu mpya ni hii: saruji shilingi 110,000, mchanga shilingi 30,000, mabati shilingi 348,000 na misumari shilingi 24,000. Jumla ni shilingi 512,000. Ufundi wa asilimia 30 unakuwa shilingi 153,600, na gharama yote shilingi 665,600. Tofauti ni shilingi 582,400. Kati ya fedha hizo, shilingi 448,000 zilijificha kwenye vifaa visivyohitajika, na shilingi 134,400 ziliongezeka kwenye ujira. Ukuta ni uleule na paa ni lilelile.

Fundi anaweza kujibu kwamba shilingi 153,600 hazitoshi kwa siku zake za kazi pamoja na msaidizi, na huenda ana haki. Jibu sahihi la mwenye nyumba si kumkatalia. Ujira na utajwe waziwazi na kujadiliwa. Wakikubaliana shilingi 220,000, gharama yote itakuwa shilingi 732,000, bado chini ya makadirio ya kwanza kwa zaidi ya nusu milioni, na fundi atakuwa amepata ujira mzuri kuliko ule wa asilimia. Mara nyingi "cha juu" huzaliwa pale fundi anapoogopa kutaja thamani halisi ya jasho lake, akaamua kuificha ndani ya mfuko wa saruji. Mwenye nyumba anayelipa ufundi kwa haki hupunguza sababu ya kufichwa huko.

Funzo kutoka katika ujenzi wa shule na zahanati

Wananchi wengi wameshaona utaratibu huu ukitumika. Miradi ya madarasa, zahanati na nyumba za watumishi hujengwa kwa mafundi wa kawaida chini ya utaratibu maarufu kwa jina la "fosi akaunti". Humo, kamati ya manunuzi hununua vifaa, kamati ya mapokezi huvihesabu vinapofika, kamati ya ujenzi husimamia kazi, na fundi hulipwa ufundi pekee. Mwaka 2021, katika mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kila chumba cha darasa kilitengewa shilingi milioni 20, na miradi mingi ya aina hiyo ilitekelezwa kwa njia hii.

Kaya inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Mtu mmoja wa familia anunue, mwingine apokee na kuhesabu, na wa tatu afuatilie kazi. Katika vijiji na mitaa wapo pia wananchi waliowahi kuhudumu katika kamati hizo, wanaozifahamu bei za maduka na wanaojua tripu ya mchanga inavyopimwa. Kuwaomba waipitie orodha ya fundi ni msaada usio na gharama.

Kuuliza chanzo kabla ya kuuliza bei

Makadirio huwa makubwa pia pale tatizo linapotambuliwa vibaya. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu huvimba unapolowa na husinyaa na kupasuka unapokauka. Nyumba iliyojengwa juu yake hupanda na kushuka kidogo kila mwaka, na nyufa huonekana juu ya madirisha na kwenye pembe za kuta. Fundi anayeangalia ufa pekee anaweza kushauri ukuta ubomolewe, ilhali chanzo ni maji ya paa yanayomwagika karibu na msingi. Kinyume chake pia hutokea: ufa huzibwa kwa plasta nzuri, maji yanaendelea kuingia, na msimu unaofuata ufa unarudi.

Ufa mwembamba unaweza kuchunguzwa na mwenye nyumba mwenyewe. Achore mistari kwa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe pembeni. Aelekeze maji ya paa mbali na ukuta, ajaze udongo palipobonyea karibu na msingi, kisha aangalie tena baada ya miezi kadhaa. Ufa usioongezeka unaweza kuzibwa kwa gharama ndogo. Ikiwa ufa unapitisha ncha ya kidole, mlango umeanza kukwama au ukuta umeegemea upande, hiyo si kazi ya kukadiriwa kwa macho. Ni lazima mtaalamu wa ujenzi aione, na watu wasilale katika chumba hicho.

Hatua za kufuata kabla ya kutoa fedha

Kwanza, mwenye nyumba aandike kazi inayotakiwa kwa maneno yake, akitaja vipimo. "Kurekebisha paa" si maelezo ya kutosha. "Kubadilisha mabati 12 upande wa mashariki, bila kugusa kenchi" ni maelezo yanayoweza kukadiriwa.

Pili, awape mafundi wawili au watatu maelezo yaleyale. Bila hivyo, bei zao haziwezi kulinganishwa, kwa kuwa kila mmoja atakuwa amekadiria kazi yake tofauti.

Tatu, aombe orodha yenye safu nne: kifaa na ubora wake, idadi, bei ya kimoja na jumla. Ufundi uandikwe chini kwa kiasi cha fedha, usiandikwe kwa asilimia. Ubora utajwe kwa ukamilifu. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na bei zake haziwezi kuwa sawa. Nguzo hii humlinda mwananchi dhidi ya bei ya chini inayotiliwa shaka pia, kwa sababu fundi wa bei rahisi kupita kiasi anaweza kufidia kwa kutumia bati jepesi au kupunguza saruji katika mchanganyiko.

Nne, aende dukani mwenyewe au amtume mtu mwingine, aulize bei katika maduka mawili, na anunue vifaa vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Adai risiti ya mashine ya EFD. Risiti hiyo husaidia kodi halali ya taifa kulipwa, na pia ni ushahidi wa bei na tarehe.

Tano, achunguze ujuzi wa fundi kwa kutembelea kazi aliyoifanya mwaka uliopita, si ile aliyomaliza juzi. Plasta na paa hujulikana baada ya msimu mmoja wa mvua. Kwa kazi za umeme, fundi awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kazi kubwa inayopewa kampuni ihakikiwe kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Fundi aliyejifunza kazini bila kupita chuoni asidharauliwe, kwani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa aina hiyo na kutoa cheti.

Mkataba na malipo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili, kazi, orodha ya vifaa, kiasi cha ufundi, tarehe ya kuanza na kumaliza, awamu za malipo, na saini za wahusika pamoja na mashahidi wawili. Kifungu kimoja kisisahaulike: kazi yoyote ya ziada ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kufanyika. Makadirio mengi yaliyoanza kwa uaminifu huharibika katikati ya kazi, fundi anaposema "tumekuta tatizo jingine" na mwenye nyumba akiwa tayari ameezua paa.

Malipo yafuate kazi. Fundi anaweza kupewa kiasi kidogo cha kuanzia, sehemu nyingine kazi inapofika nusu, na salio baada ya ukaguzi. Fedha zikitumwa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho uhifadhiwe. Mwenye nyumba naye ana wajibu. Fundi aliyemaliza kazi kwa mujibu wa makubaliano alipwe siku hiyohiyo. Fundi aliyewahi kudhulumiwa na mteja mmoja hujifunza kumkadiria mteja anayefuata kwa bei ya kujihami.

Baadhi ya mafundi hudai fedha nyingi za awali kwa kuwa hawana mtaji wala vitendea kazi. Kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ipo mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Vikundi vya mafundi vinaweza kupata maelezo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mgogoro unapotokea

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, orodha ikiwa mezani. Mara nyingi kosa la idadi hurekebishwa bila ugomvi pale vipimo vinaporudiwa mbele ya wote wawili. Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na Afisa Mtendaji, wanaweza kuombwa kuwasuluhisha kwa hiari yao.

Suluhu ikishindikana, madai yanayotokana na mkataba hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shughuli huendeshwa kwa Kiswahili. Chini ya Sheria ya Mikataba, aliyekubali kwa sababu ya udanganyifu anaweza kuomba mkataba ubatilishwe, na aliyepata hasara kwa mwenzake kuvunja makubaliano anaweza kudai fidia. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Taarifa ya polisi inafaa pale penye dalili ya jinai, kwa mfano mtu aliyepokea fedha kwa hila akiwa hana nia ya kufanya kazi tangu mwanzo.

Shinyanga ndiyo chimbuko la sungusungu, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabiliana na wizi wa mifugo. Heshima waliyonayo haiwapi mamlaka ya kuamua deni la mkataba. Kumkamata fundi, kumpiga au kuzuia vifaa vyake vya kazi kunaweza kumgeuza mwenye madai kuwa mshtakiwa.

Mwananchi anayetaka kuanza leo anahitaji vitu vitatu: futi kamba, karatasi na kalamu. Apime ukuta na paa lake kabla hajamwita fundi. Akishajua kwamba upande wa paa ni mita 9, fundi mwaminifu atafurahi kufanya kazi naye, na yule aliyekusudia kuandika mabati 20 ataandika 12.